Mama Ungo Hewani

Rahabu alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye redio ya fundi viatu.

Ilikuwa Jumamosi mchana, soko la Ikungi limejaa, naye alikuwa ameinama akichagua dagaa. Mwanzoni alidhani ni mawazo tu, maana mtu mwenye hofu husikia mengi. Akainua kichwa. Redio ilikuwa imetundikwa kwenye msumari juu ya rundo la kandambili, na ndani yake mwanamke alikuwa akiimba wimbo wa kupepeta kwa Kinyiramba, huku ungo ukimwitikia: shwaa, shwaa, unasita kidogo, kisha shwaa tena. Nyuma yao jogoo aliwika. Rahabu alimtambua hata huyo jogoo. Alikuwa wa jirani yake, Rukaiya.

Fundi viatu akaongeza sauti na kumwambia mteja wake kwamba mama huyo, awe nani, amebarikiwa. Kisha akaingia mtangazaji, kijana mwenye maneno mengi anayeitwa Frank, akasema hicho kilikuwa kionjo tu kilichotumwa na msikilizaji, na anayemfahamu mwimbaji apige simu sasa hivi. Rahabu akarudisha dagaa kwenye fungu, akajitanda khanga mpaka machoni, akaondoka kwa kupitia nyuma ya vibanda vya mitumba. Hakukimbia. Mwanamke anayekimbia sokoni huulizwa kulikoni.

Pale Ikungi hakuna aliyemjua kwa jina la Rahabu. Aliitwa Mama Lucy, basi. Hilo ni jambo zuri la nchi yetu kwa mtu anayejificha: mwanamke akishazaa, jina lake la kuzaliwa linastaafu na hakuna anayeliulizia tena. Alikuja na mtoto mkononi na mfuko mmoja wa nguo, akasema ametokea huko Iramba, akapata chumba nyuma ya nyumba ya Rukaiya. Wenye mtama na uwele mwingi wakawa wanamwita awapepetee, naye anapewa sehemu yake. Watu walimwona ni mpole. Wengine walisema anaringa, kwa sababu hakai vibarazani. Hakuna aliyesema kwamba anaogopa, ingawa ukimtazama vizuri ungeliona hilo kabla ya yote.

Alikuwa amekimbia kutoka Shelui, kwenye barabara kuu ya Nzega, ambako malori hulala na wake za madereva hungoja. Mume wake, Enock, anaendesha Fuso la vitunguu. Ungemkuta Enock kijiweni ungempenda. Anachangia harusi, anabeba wagonjwa bure, anawaamkia wazee kwa kuinama. Nyumbani alikuwa mtu mwingine, na kitu kilichomkera kuliko vyote ni mkewe kuimba. Alidai anaimba ili wanaume wapite wakitazama. Siku alipomvunja mtulinga, mfupa wa begani, kwa spana ya matairi, wazee wa pande zote mbili walikaa, wakanywa chai, wakasuluhisha, na Rahabu akarudishwa kwa mumewe mkono ukiwa umefungwa kitambaa. Kusuluhisha tunakujua sana. Usiku ule Enock alimwambia, bila hasira hata kidogo, kwamba akimbie atakako. Uso unaweza kuufunika, alisema, lakini sauti yako nitaijua popote.

Aliyemtoa pale ni mama yake mzazi, ambaye watu humwita Mama Noel kwa jina la kifungua mimba wake. Mama Noel anauza chai na chapati palepale malori yanapoegeshwa. Ni mtu wa utani mkavu. Rahabu alipokuwa mdogo, akimwamkia shikamoo, mama hakuitika marahaba kama watu wengine. Aliitika "Marahabu," akadai kwamba Mungu aliona jina la mtoto huyu ni zuri mno, akalificha ndani ya salamu ili lisiibwe. Utani huo haukuwahi kutoka nje ya nyumba. Na ndiye huyohuyo mama aliyezungumza na dereva mmoja mzee aliyemwamini, akampandisha binti yake na mjukuu wake juu ya magunia alfajiri, akamwambia neno moja la mwisho.

"Usinipigie. Simu yangu anaishika yeye kuliko mimi. Nikikukumbuka nitakuombea."

Mwaka wa nne sasa, Rahabu hakupiga. Hakujua kama mama yake yu hai.

Kasoro ya Ikungi ni barabara. Lami ya kwenda Dodoma inaupasua mji katikati, na vitunguu vya Iramba havina njia nyingine ya kufika huko. Rahabu alikuwa hawezi kuvuka lami bila kusimama kwanza nyuma ya nguzo na kutazama pande zote mbili, na si kwa kuogopa kugongwa. Aumwaye na nyoka akiona unyasi hushtuka; yeye alishtuka hata kwa harufu ya vitunguu. Alikuwa ameacha kuimba kanisani, ameacha kuimba misibani. Aliimba mahali pamoja tu, ndani ya ua, mlango umefungwa, ungo mkononi. Kupepeta kimya hakuweza. Mikono ilikuwa inakataa.

Na wimbo wenyewe ulikuwa na mtego wake. Kwa kina Rahabu, mwanamke anayeongoza wimbo wa ungo lazima ajitaje mwishoni: jina lake, la baba yake, la babu yake. Wimbo usio na mwenyewe waliuita yatima, na bibi yake alikuwa havumilii yatima hata mmoja uani kwake. Ukisahau kujitaja alikupokonya ungo mbele ya wenzako. Kwa hiyo Rahabu alijifunza wimbo na jina pamoja, kama vile mtu anavyojifunza kutembea na mikono ikimfuata. Kila alipopepeta, mwishoni alijitaja: mimi Rahabu wa Nathan, mjukuu wa Kitundu.

Alipofika nyumbani kutoka sokoni alimkuta Rukaiya amekaa mlangoni, uso umejaa furaha. Rukaiya alikuwa na moyo mzuri na mdomo usio na kitasa. Alipoulizwa kuhusu redio alisema ndiyo, ni yeye. Alirekodi kwa simu akiwa upande wa pili wa ukuta, akaituma kwa kipindi, maana si haki kipaji kama hicho kuliwa na kuku. Rahabu akamuuliza alirekodi kiasi gani. Yote, akasema Rukaiya. Mwanzo hadi mwisho, ingawa Kinyiramba hakielewi.

Jumatatu yake Frank akaja kwa pikipiki, ameelekezwa na Rukaiya.

Nieleze kidogo kuhusu kipindi hiki, maana kwetu kina heshima yake. Kinaitwa Jumamosi ya Wenyewe, kinarushwa na Redio Mtama kila wiki, na kazi yake ni muziki na wanaoutengeneza. Vijana wa mjini Singida wenye vipuli huja kuhojiwa kuhusu nyimbo zao mpya. Wiki inayofuata utakuta kwaya, au mzee na zeze lake. Kila mgeni lazima apige au aimbe papo hapo, laivu, hakuna kujificha nyuma ya mitambo. Watu huacha palizi wakasikiliza. Frank ndiye roho ya kipindi, kijana asiyeweza kumaliza sentensi bila kuanza nyingine, na alipoketi kwenye kigoda cha Rahabu alisema kwamba simu zimelia studio mpaka fundi mitambo wake amechoka kupokea.

Rahabu akakataa. Alikataa kwa adabu, kisha akakataa tena.

Frank akasikitika kweli. Akasema basi hana jinsi, Jumamosi ataipiga ile klipu yote kama ilivyo, maana wasikilizaji wanaidai. Rahabu akauliza kama ameisikiliza mpaka mwisho. Frank akacheka. Hapana, alisema, aliishia katikati, alikuwa na haraka. Lakini akaongeza kwamba akija mwenyewe studio, ile ya simu ataifuta, tena kwa furaha, ina jogoo mno.

Hapo ndipo alipokubali. Mtu mwingine angeona ameshawishika na sifa. Ukweli ni kwamba aliweka hofu mbili kwenye mizani akachagua iliyokuwa mikononi mwake: klipu ingetaja jina lake apende asipende, lakini mdomo wake mwenyewe angeweza kuuamuru. Kumweleza Frank kisa chote hakukumwingia akilini. Kumpa mtangazaji siri ni kumkabidhi kuku uwele autunze. Kuhama nako alikuwa amekufikiria usiku mzima, lakini Lucy alikuwa amezoea shule, na mtu hawezi kuhama kila redio inapowashwa.

Akatoa masharti. Lisitajwe jina lake, wala mji anaoishi, wala jina la Mama Lucy lisitajwe, kwa sababu baba yake Lucy naye ana masikio. Sababu hiyo hakuisema. Frank akafurahi kupita kiasi, akasema siri inavuta wasikilizaji kuliko sifa, akambatiza palepale jina la Mama Ungo. Rahabu akauliza jambo moja zaidi: redio yao inafika wapi?

"Sio mbali, mama. Ukipita Singida mjini unasikia mikwaruzo tu."

Akalishika neno hilo kama mtu anavyoshika kamba ya kisima.

Wiki ile haikuwa ya kulala. Mchana alifunga mlango wa ua akajizoeza kuuacha wimbo ukiwa yatima. Haikuwezekana. Kila alipofika mwisho, ulimi ulitangulia na jina likatoka. Mwishowe akawa anajaza maji kinywani kabla ya ubeti wa mwisho, ili mdomo ulazimike kufungwa, na Lucy akamwona, akacheka, akauliza kwa nini mama anapepeta mashavu yakiwa yamevimba. Rahabu akacheka pia, maji yakamwagika. Kisha akachota mengine. Polepole mdomo ukaanza kutii, naye akaanza kuamini kwamba itawezekana.

Studio ya Redio Mtama iko hapohapo Ikungi, nyuma ya duka la pembejeo, chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ya zamani ukutani ili sauti isirudi. Jumamosi Rahabu alifika mapema, akiwa na ungo wake na uwele kidogo kwenye mfuko. Lucy alimwacha kwa Rukaiya. Ndani alimkuta mzee mmoja wa Sepuka akimalizia kupiga zeze, amefumba macho, na upande wa pili wa kioo fundi mitambo, Alute, mtu mnene asiyezungumza. Zeze lilipotulia na tangazo la mbegu likaingia, Frank akatoa simu yake, akaifuta ile klipu mbele ya Rahabu, akamwonyesha kwamba haipo. Rahabu akashusha pumzi. Kwa muda mfupi, ule tu wa kukaa kitini na kuvalishwa hedifoni, alijiona mtu huru.

Taa nyekundu ikawaka. Frank akamkaribisha Mama Ungo kwa mbwembwe ambazo zingemtosha rais. Akamuuliza nani alimfundisha, akajibu kwa sauti ya chini kwamba ni bibi yake. Rahabu alikuwa amejipanga kuzungumza kama Mnyaturu wa Ikungi, kwa lafudhi aliyoiokota kwa Rukaiya, maneno mafupi mafupi. Frank akasema kitu kilichomshangaza kila mtu ni ule mdundo. Unachechemea, alisema, shwaa mbili kisha unasita, wataalamu wa muziki wangelipa kuupata, ameutoa wapi?

"Mkono wa kushoto haupandi vizuri," alisema Rahabu. "Uliumia."

Frank akasema kumbe hata ajali huzaa sanaa. Mtulinga ulimwasha Rahabu chini ya khanga.

Kisha, kabla hajamwambia aimbe, Frank akaanza kusoma ujumbe kwenye simu. Kuna salamu kutoka Manyoni. Kuna salamu kutoka Nzega. Kuna mdau yuko Shelui, anasema yeye na madereva wenzake wameegesha wanakunywa chai na wanamsubiri Mama Ungo kwa hamu.

Rahabu akamgeukia. Frank akaona macho yale, akafunika maiki kwa kiganja, akamnong'oneza kwa kumtuliza. Kwa mnara hawafiki huko, ni kweli, lakini tangu mwezi uliopita wako kwenye simu pia. Mtu anajiunga, anasikiliza popote alipo. Madereva ndio wapenzi wao wakubwa. Akaondoa kiganja, akasema mbele ya nchi nzima: "Mama Ungo, uwanja ni wako."

Sijui wewe ungefanya nini. Rahabu alifikiria kuinuka. Lakini kioo kilikuwa mbele, meza pembeni, hedifoni kichwani, na mtu anayekimbia studio huulizwa kulikoni kuliko anayekimbia sokoni. Watu wangetafuta kujua. Akamimina uwele kwenye ungo. Mikono ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba nafaka zilianza kulia zenyewe kabla hajazipigisha, na Alute, akidhani ni mbinu, akainua kidole gumba.

Akaimba. Ubeti wa kwanza ulitoka mkavu. Wa pili aliusikia mwenyewe ndani ya masikio, ukiwa mkubwa na karibu, na ajabu ni kwamba hofu haikuondoka bali ilikaa kando kumpisha wimbo. Alimwona bibi yake uani. Aliwaona wanawake wa kwao wameinama, makapi yakipeperuka. Hakuwa ameimba mbele ya mtu tangu alipovunjwa, na mwili wake ulikuwa umetamani kuimba hivi bila yeye kujua. Ndiyo maana alipofika mwisho alikuwa amesahau maji ya kinywani, amesahau masharti, na ulimi ukafanya ulichofundishwa.

"Mimi Raha..."

Akauma. Akauma ulimi kwelikweli, damu ikaja. Silabi moja ilibaki ndani. Zilizokwisha kutoka hazirudi. Akaupigisha ungo mara tatu kwa nguvu kuziba pale palipobaki wazi, akanyamaza.

Frank akaruka kitini kwa furaha. Kasikia neno moja tu katika Kinyiramba chote kile, na neno hilo lilikuwa raha. "Mimi raha! Mmesikia kamalizaje? Mama Ungo ni raha mwenyewe!" Akafungua simu.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mwalimu kutoka Manyoni aliyetoa pongezi ndefu. Rahabu hakusikia hata neno. Alikuwa akihesabu barabara: kutoka Shelui kupanda Sekenke, kufika Singida, kushuka hadi hapa. Lori lenye mzigo halikimbii, lakini linafika. Alikuwa bado anahesabu Alute alipoinua mkono nyuma ya kioo na kutamka kwa midomo, Shelui.

Kwanza zilisikika honi na injini. Kisha kifuniko cha birika kikigonga. Kisha mtu akakohoa, mwanaume, karibu sana na simu, na Rahabu akakijua kile kikohozi kama anavyoujua mlango wa nyumba aliyoikimbia.

"Haloo. Mnanisikia?"

Haikuwa sauti ya mwanaume. Ilikuwa ya mwanamke, imezeeka kuliko alivyoiacha, lakini ilikuwa hai. Mama yu hai. Rahabu akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Tunakusikia vizuri, mama. Shikamoo," akasema Frank.

"Marahaba, baba. Mimi naitwa Mama Noel, nauza chai hapa kwenye malori. Nina mkwe wangu kasimama hapa. Kasikia wimbo wenu, kanipa simu, anasema huyo anayeimba ni mke wake, niulize yuko wapi."

Frank akamtazama mgeni wake.

"Sasa mimi nimepiga nimtoe wasiwasi mbele ya watu wote," Mama Noel akaendelea, taratibu, kama anayemimina chai bila kutaka imwagike. "Binti yangu aliitwa Rahabu. Mimi ndiye niliyemzaa. Huyo mama kasema mwenyewe ana raha, nchi nzima imesikia. Binti yangu raha hakuwahi kuiona. Kwa hiyo si yeye."

Nyuma yake mwanaume akasema kitu. Halikusikika lote, lakini mwisho wake ulisikika: muulize yuko wapi.

Frank, kwa mazoea tu ya kazi, maana redio haivumilii kimya, akauliza kama Mama Ungo ana neno lolote kwa mama yetu wa Shelui.

Hapo ndipo Rahabu alipoujua mtego wote. Akizungumza zaidi, Enock ataipima sauti yake vizuri, na sauti ndiyo aliyoapa kuijua. Akinyamaza, itakuwa mbaya zaidi. Hakuna mwanamke Singida nzima, Mnyaturu au Mnyiramba, atakayeambiwa mtu mzima yuko kwenye simu akaacha kumwamkia. Kunyamaza kwake kungekuwa kama kutaja jina. Alibakiwa na neno moja tu, lile ambalo kila mtu humwambia kila mtu, ambalo mgeni humwambia mgeni njiani. Alilivuta kwa lafudhi ya Kinyaturu, kavu, kama anayesalimia mtu asiyemjua.

"Shikamoo, mama."

Birika liligonga mara moja. Halafu Mama Noel akaitika.

"Marahabu."

Alute hakushtuka. Frank hakushtuka. Kwa wote waliokuwa wanasikiliza, Manyoni mpaka Nzega, ni bibi tu wa Kinyiramba, labda meno yamepungua, labda mtandao mbovu. Rahabu akainamisha kichwa juu ya ungo ili machozi yaangukie kwenye uwele, ambao haupigi kelele.

Sauti ya mwanaume ikaja tena, na safari hii ilisikika yote. "Yuko wapi?"

Frank akasogea karibu na maiki. Sauti ya mbwembwe ilikuwa imemtoka. Akasema mgeni wao wa leo ametoka mbali sana, mama, na gari lake liko nje linamsubiri, linaondoka sasa hivi.

"Basi aende salama," Mama Noel akasema. "Mwambie asikae sana."

Simu ikakatika. Alute, bila kuambiwa, akaweka wimbo mrefu. Frank akavua hedifoni, akatazama meza, akatazama ungo. Alikuwa na maswali mia, hilo lilionekana usoni, na akayameza yote. Akamwambia tu kwamba kuna mlango wa nyuma, unatokea kwenye mabanda ya mashine za alizeti, hauonekani kutoka lami.

Kama Enock aliamini, hakuna ajuaye. Labda alirudisha simu, akalipia chai yake, akacheka na wenzake. Labda alipanda Fuso palepale. Rahabu alitembea kwa vichochoro huku akisikiliza kila injini, na kila injini ilikuwa yake. Alikuwa anaogopa sana. Aliogopa pia kwa ajili ya mama yake, aliyebaki pale na mkwe wake na birika la moto, baada ya kumwambia hapana mbele ya nchi nzima. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wa mzazi nao, siku ile, aliujua mwana.

Rukaiya alimpokea kwa vigelegele, akasema mtaa mzima umesikia. Rahabu akamshukuru, akamshika Lucy mkono, akaingia naye ndani upesi. Mtoto alikuwa na la kwake. Alikuwa amekaa karibu na redio tangu mwanzo, na kuna jambo halikumpendeza, maana shuleni wanafundishwa kuitikia vizuri.

"Mama, yule bibi hajui salamu. Umemwamkia shikamoo, kasema marahabu."

Rahabu alikuwa ameshika mchi wa kinu, ule anaoegemeza mlangoni. Akasimama nao.

"Anajua," alisema. "Anajua vizuri sana. Siku moja atakuitikia na wewe."

Kisha akaegemeza mchi kwenye mlango kama kila siku, akaujaribu kama umekaza, akaenda kuinjika maji ya ugali.